Michezo ya Viziwi si Paralimpiki, wala si bonanza

Mshereheshaji alichukua kipaza sauti, akakohoa kidogo, akatangaza kwa bashasha: "Karibuni sana kwenye Paralimpiki yetu ya viziwi!" Mzee mmoja kiziwi aliyeketi kando yangu, kocha wa siku nyingi wa mpira wa wavu, alinigusa bega akaniuliza kwa mikono: amesema nini? Nikafikiri. Nikamjibu: anatukaribisha.

Sikumdanganya, ila sikumwambia yote. Ningemwambia yote angenuna hadi jioni, na timu yake ilikuwa na mechi saa nne. Lakini msemo huo nimeusikia mara nyingi mno sasa, redioni, kwenye barua za kuomba ufadhili, hata kwenye fulana za wanaojitolea, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Maana yenyewe ni fupi. Michezo ya Taifa ya Viziwi ni mashindano yanayokusanya michezo mingi mahali pamoja kwa siku chache, riadha, soka, wavu, kikapu, kuogelea na mingineyo, na washindani wote ni viziwi. Kanuni za kila mchezo ni zilezile unazozijua. Kinachobadilika ni kimoja tu: kila jambo linalotegemea sikio linahamishiwa kwenye jicho. Basi, hiyo ndiyo maana. Tatizo ni hilo neno Paralimpiki.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, daktari Ludwig Guttmann aliwapambanisha wagonjwa wake kwa upinde na mshale kwenye hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Walikuwa 16, watu waliotumikia jeshi wakaumia uti wa mgongo, wote kwenye viti vya magurudumu. Kutokana na mashindano hayo madogo ndipo ikazaliwa michezo ya Roma ya 1960, inayohesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Silabi mbili za mwanzo za jina hilo zilitoka kwenye paraplejia, neno la kitabibu la kupooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Baadaye walipoingia wasioona, waliokatwa viungo na wengineo, maelezo rasmi yakageuzwa: "para" sasa ni la Kigiriki, maana yake "kando ya" au "sambamba na", yaani michezo inayokwenda sambamba na Olimpiki. Shika maelezo ya kwanza au ya pili, upendavyo. Sikio halimo katika yote mawili.

Viziwi walikuwa wameshaanza zamani. Mwezi Agosti 1924, majira yaleyale ya joto Paris ilipoandaa Olimpiki, wanamichezo viziwi 148 kutoka nchi 9 walikutana mji huohuo kwa mashindano yao wenyewe. Aliyeyasimamia hakuwa daktari wala mfadhili. Alikuwa Eugène Rubens-Alcais, fundi makanika wa Kifaransa na mpenzi wa baiskeli, naye kiziwi. Kabla hawajatawanyika walikwishaunda kamati yao ya kimataifa, Rubens-Alcais akiwa rais na Antoine Dresse wa Ubelgiji, kiziwi pia, akiwa katibu. Kamati hiyo ipo hadi leo, na viongozi wake wa juu ni viziwi.

Fanya hesabu: 1924 na 1948. Ni miaka 24. Kuiita michezo hii "Paralimpiki ya viziwi" ni kumwita kaka mtu kwa jina la mdogo wake.

Jina lao la mwanzo lilikuwa Michezo ya Kimya, na hapo nao walijikosea kidogo. Aliyewahi kukaa karibu na mashabiki viziwi anajua hakuna kimya. Ngoma inapigwa kwa nguvu mpaka mtikisiko wake upande miguuni, majukwaa ya mbao yanakanyagwa, na furaha ya goli inatoka kooni bila kupimwa. Jina likabadilika zaidi ya mara moja, na mwaka 2001 wakapata hili linalotumika sasa, Deaflympics, kwa ridhaa ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ambayo ilikuwa imewatambua tangu 1955. Novemba 2025 michezo hiyo ilifanyika Tokyo, kuadhimisha miaka mia moja.

Ni kweli kulikuwa na wakati wa kukaa nyumba moja. Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki ilipoundwa mwaka 1989, viziwi walikuwamo. Mwaka 1995 wakatoka. Wengine husimulia jambo hili kama ugomvi wa kifamilia, lakini kulikuwa na sababu za kawaida kabisa. Paralimpiki ina kikomo cha idadi ya wanamichezo; kuwaingiza viziwi wote kungemaanisha kuwapunguza wao au kuwapunguza wengine. Wakalimani wangehitajika kwa mamia. Na zaidi ya hayo, viziwi walikuwa na michezo yao tayari, wanaiendesha wenyewe kwa lugha yao. Kwa nini wahamie kwa mtu wakati wana kwao?

Matokeo yake ni jambo ambalo wengi hawalijui: Paralimpiki ina orodha ya aina 10 za ulemavu zinazokubalika, na uziwi haumo. Kiziwi asiye na ulemavu mwingine haruhusiwi kushindana huko hata akitaka. Olimpiki yenyewe iko wazi kwake, akifikia viwango. Terence Parkin wa Afrika Kusini, kiziwi, alitwaa medali ya fedha Sydney mwaka 2000 katika kuogelea mita 200 mtindo wa chura, akianza kwa kutazama taa. Mwanamume huyo aliogelea Olimpiki na aliogelea Michezo ya Viziwi. Paralimpiki haikumhusu.

Utaniuliza, basi jina likikosewa kuna hasara gani? Ipo, na inaonekana kwenye bajeti. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha maandalizi ambapo saa nzima iliishia kwenye njia za viti vya magurudumu na madaktari wa kupanga wachezaji kwa madaraja ya ulemavu. Nia ilikuwa njema. Njia hizo zinafaa kuwepo kila uwanja kwa ajili ya kila mtu, sibishani. Lakini kikao kiliisha hakuna aliyeuliza taa za kuanzishia mbio zitatoka wapi, na wiki ya mashindano ilipofika mwanzishaji alikuja na bastola yake. Bastola! Wakimbiaji wa mita 100 waliishia kumtazama mtu aliyeshika kitambaa, anakiinua, anakishusha, na yule wa njia ya nane shingo imempinda kama anatafuta basi.

Madaraja nayo hayahitajiki. Kwenye Paralimpiki, kupanga madaraja ni kazi kubwa kwa sababu miili inatofautiana: aliyepoteza mkono hapambanishwi ovyo na aliyepooza miguu. Kwa viziwi mlango ni mmoja. Kanuni ya kimataifa inataka mtu awe amepoteza usikivu wa angalau desibeli 55 kwenye sikio lake zuri zaidi, kwa wastani wa masafa ya hezi 500, 1000 na 2000. Ukivuka hapo umeingia, na ndani hakuna ngazi: asiyesikia kabisa na mwenye usikivu hafifu wanasimama mstari mmoja. Ili mstari huo uwe sawa kweli, vifaa vya kusaidia kusikia vinavuliwa kabla ya kuingia eneo la mashindano. Kwa hiyo badala ya jopo la madaraja, mwandaaji wa ngazi ya taifa anahitaji mtaalamu wa usikivu, chumba tulivu cha kupimia, na odiogramu, yaani chati ya kipimo cha usikivu, ya kila mchezaji, faili lake likiwa limekamilika mapema, si asubuhi ya mechi. Hili likilegezwa, malalamiko huanza mara tu timu fulani inapofunga magoli sita: yule namba tisa anasikia, nimemwona akigeuka alipoitwa. Bila karatasi mezani, hutayamaliza.

Vifaa vyenyewe si vya ajabu. Riadha na kuogelea zinataka taa kwenye kila njia, ziwekwe chini mbele ya macho ya mkimbiaji au karibu na kibao cha muogeleaji, asilazimike kuinua kichwa. Rangi moja ni ya kukaa kwenye mistari, nyingine tayari, ya tatu kuondoka. Soka inataka mwamuzi wa kati awe na kibendera pamoja na filimbi, na wachezaji wazoee kuinua macho. Matangazo yote yaende kwenye skrini au ujumbe wa simu. Mabwenini kengele ya moto iwe ya mwanga, la sivyo hakuna kengele. Na sherehe ya ufunguzi, tafadhali, msizime taa. Kila mara yupo fundi anayeona giza na miali ya rangi ni pambo zuri. Kwa viziwi, kuzima taa ni kuwafunga midomo watu wote kwa mpigo, na mkalimani anabaki jukwaani akipunga mikono asiyeonekana na mtu.

Wakalimani ndio kifungu kinachokatwa kwanza fedha zikipungua, na ndicho kisichofaa kuguswa. Mmoja hatoshi kwa uwanja mzima. Ukalimani wa mfululizo unachosha akili na mabega, ndiyo maana hufanywa na wawili wanaopokezana kila baada ya dakika ishirini au thelathini. Mkalimani anahitajika kwenye mkutano wa kiufundi, chumba cha daktari, meza ya rufaa, upimaji wa dawa zilizokatazwa. Na kocha anayejua alama kiasi si mkalimani, sawasawa na mtu anayejua kufunga bandeji asivyo mpasuaji.

Nimesema pia si bonanza. Neno hilo kwetu limekuja kumaanisha siku ya michezo ya kufurahishana: kuvuta kamba, kukimbiza kuku, mechi ya wafanyakazi wa benki, nyama ya kuchoma, picha na wadhamini. Bonanza ni jambo zuri. Lakini linapobandikwa jina la viziwi huwa na kasoro moja, kwamba kila mtu anapewa medali na matokeo hayaandikwi popote. Sasa litazame neno "mashindano". Limetoka kwa "shinda", likapata "-ana" ya kutendana: kushindana, mmoja kumtafuta mwenzake ushindi, naye vivyo hivyo. Ndani ya neno hilo hakuna nafasi ya huruma, na hakuna nafasi ya mtazamaji anayepiga makofi kwa sababu tu mtu amefika. Kuna muda uliopimwa, rekodi, rufaa na mtu anayelia kwa kuwa wa nne. Msichana wa mita 800 aliyeamka saa kumi na moja alfajiri mwaka mzima anataka muda wake uandikwe, kwa sababu muda huo ndio utakaomwingiza timu ya taifa au kumwacha nje. Mkimpa fulana na chapati mkasahau saa ya kupimia, mmemwonea.

Nikiwa bado na hasira, kuna "viziwi na mabubu". Bubu ni asiyetoa sauti. Viziwi wengi wana sauti nzima na, muhimu zaidi, wana lugha, wengine wanaiita lugha ya alama na wengine lugha ya ishara, na kwa lugha hiyo wanabishana kuhusu mwamuzi kama shabiki mwingine yeyote. Halafu kuna wale waungwana wanaoliogopa neno "kiziwi" lenyewe kwa sababu ya hiyo "ki-" ya mbele, wakidhani linamfanya mtu kuwa kitu, wakaja na "watu wenye changamoto za usikivu". Sarufi yetu ilikwishalimaliza hilo: tunasema kiziwi amefika, viziwi wanakimbia, hatusemi kimefika wala vinakimbia. Sura ni ya kitu, upatanisho ni wa mtu. Na viziwi wenyewe ndilo neno waliloliandika kwenye majina ya vyama vyao, hawakulificha. Changamoto ya usikivu ninaiona zaidi kwa wanaoshika vipaza sauti.

Kwa hiyo, ndugu mshereheshaji, sina ugomvi nawe, ulitukaribisha vizuri. Mwakani ukipewa tena kazi hiyo, sema "Karibuni kwenye Michezo ya Taifa ya Viziwi." Ukitaka kutaja ile ya dunia ambayo vijana hawa wanaiwinda, ni Deaflympics. Subiri mkalimani amalize sentensi ndipo uendelee, maana mara ile ulimwacha nyuma kwa maneno kama arobaini. Na ukifika mahali pa kuomba makofi, inua mikono yote miwili juu, vidole vimetawanyika, uitikise. Yule kocha wa wavu atakuwa safu ya mbele, atakujibu.