Homa imeshuka, kwa nini vidonge viendelee?

Mwanangu alipimwa Wete, akakutwa na malaria. Siku ya pili alikuwa anacheza uwanjani. Vidonge vilivyobaki nimwekee akiba?

Hapana, mama. Dawa mseto tunayotoa Zanzibar tangu 2003 ina dawa mbili ndani yake: artesuneti na amodiakwini. Artesuneti ina kasi. Huua vimelea, yaani vijidudu vya malaria, wengi mno kwa muda mfupi, ndiyo maana mtoto ameamka anataka chai. Lakini haikai; baada ya saa chache imeshatoka damuni. Amodiakwini ni ya taratibu, hubaki mwilini siku nyingi ikiwasaka waliojificha. Ukikatisha siku ya pili, homa umeishusha, malaria hujaimaliza. Mpe siku zote 3.

Kwani dawa moja haitoshi?

Wakubwa wanaikumbuka klorokwini, dawa ya malaria ya zamani, uchungu wake na muwasho wa kukesha unajikuna. Iliponya watu miaka mingi, ikitumika peke yake. Miongoni mwa mabilioni ya vimelea hutokea mmoja ambaye dawa haimdhuru. Wenzake wakifa yeye huzaana, mbu akamchukua na kumpeleka nyumba ya pili. Huo ndio usugu. Vipimo vya 2001 hapa Zanzibar vilionesha klorokwini ikishindwa kwa wagonjwa wapatao 6 katika kila 10. Naliona hilo ni jambo la kuogopesha hadi leo. Kimelea kuzishinda dawa mbili zinazoua kwa njia tofauti ni vigumu zaidi.

Usugu kwa dawa hizi mpya upo?

Umeanza. Ulionekana kwanza Kambodia, kisha Rwanda, Uganda, na huku kwetu Bara, Kagera. Huko vimelea huchelewa kutoka damuni baada ya artesuneti au dawa za jamii yake, na kazi kubwa huiangukia dawa ya pili. Kagera ni mbali na Pemba, lakini mwenye vimelea hupanda boti kama abiria mwengine. Ukirudi safari ukashikwa na homa, nenda kapime siku hiyo hiyo, na useme ulikotoka.

Jirani ana homa, nimgaie vyangu?

Usimgaie. Huenda si malaria, na nyote wawili mtakuwa na dozi pungufu. Kituoni kipimo cha haraka hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20.

Mtoto akitapika dawa?

Ikiwa ni ndani ya nusu saa, mrudishie dozi ile ile, kisha uende kituoni upewe kidonge cha kufidia. Akitapika tena, au akilegea, akishindwa kunyonya au akipata degedege, usingoje asubuhi.