Je, wajua kwa nini injini ya turbo hutulia Ngamiani, ikaanza kumisi mlima wa Lushoto?

Subaru Impreza ya turbo inaweza kuzunguka mitaa ya Ngamiani, jijini Tanga, siku nzima, ikafika Segera bila neno, kisha ikaanza kumisi, yaani kushtuka na kukata nguvu, mara dereva anapokanyaga mafuta kuupanda mlima kutoka Mombo kwenda Lushoto. Lawama hutupiwa petroli. Mara nyingi tatizo ni koili.

Koili huchukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi elfu 20 na zaidi, cheche iweze kuruka kwenye pengo la plagi. Ila kadiri hewa inavyoshindiliwa ndani ya silinda, ndivyo cheche inavyohitaji volti nyingi zaidi kuruka. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, hewa ni kidogo na hata koili mgonjwa huimudu kazi. Turbo, pampu inayoshindilia hewa kwenye injini, ikianza kusukuma, mahitaji ya volti hupanda ghafla. Hapo koili lenye ufa kwenye ganda, au mpira wake uliokauka, huvujisha umeme kando, ukaingia kwenye chuma cha injini badala ya kufika kwenye plagi. Joto nalo huupanua ufa, ndiyo maana gari hilohilo asubuhi yake huwaka kama halijawahi kusumbua.

Usiliendeshe hivyohivyo kwa kuwa "linatembea". Petroli isiyoungua hutoka na moshi, ikaungulia kwenye masega (kisafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi) na kuyayeyusha. Taa ya injini ikimetameta badala ya kuwaka moja kwa moja, maana yake ni hiyo: punguza mafuta papo hapo.

Kupima kwenyewe hakuhitaji kununua kipuri. Chomeka mashine ya kusomea namba za hitilafu. P0300 ni kumisi kusiko na silinda maalumu; P0301 hadi P0304 hutaja silinda yenyewe; P0351 na kuendelea huelekeza kwenye saketi ya koili, ambako waya au soketi inaweza kuwa ndiyo mbovu. Ikitokea P0303, hamishia koili la silinda ya 3 kwenye silinda ya 1, lile la 1 lije 3, futa namba, kisha ulipandishe gari mlima. Namba ikigeuka P0301, umelipata. Kwa magari ya Kijapani ya miaka ya 1990 yasiyotoa namba hizi, acha injini ingurume na uchomoe soketi za nozeli (zinazopuliza petroli) moja moja. Silinda ambayo kuchomoa hakubadilishi mlio ndiyo iliyolala. Mbinu hii hukamata iliyokufa kabisa tu, si inayougulia mlimani. Na kamwe usinyanyue koili injini ikiwaka: umeme ule hupiga mtu, na huweza kuunguza koili lisilo na tatizo.

Kupima kwa ommita (kipima ukinzani wa umeme) nako ni kujisumbua ikiwa koili lina pini tatu au nne, maana ndani yake mna saketi ya elektroniki isiyosomeka kwa njia hiyo.

Kubadilisha: Injini ya Subaru imelala, kwa hiyo makoili yako ubavuni. Upande wa kushoto toa betri kwanza, kulia toa boksi la chujio la hewa. Subiri injini ipoe. Bonyeza kishikizo cha soketi taratibu, plastiki ya zamani huvunjika kama biskuti, wala usivute waya. Fungua boliti, zungusha koili kidogo ndipo ulivute. Puliza shimo kwa upepo kabla ya kufungua plagi, mchanga usiingie silindani.

Sasa chunguza. Mpira ukiwa na oili, sili za mirija ya plagi kwenye tapeti kava (kifuniko cha valvu) zimechoka. Koili jipya litaoza vilevile. Kutu ya kijani kwenye pini ni ya kawaida kwa gari linalolala karibu na bahari, tuseme Raskazone, isafishe. Maji shimoni? Muulize aliyeosha injini kwa presha.

Plagi ndizo zinazopuuzwa zaidi. Zikilika, pengo hupanuka na koili hulazimika kutoa volti nyingi kila mlipuko hadi lipasuke. Kufunga koili jipya juu ya plagi kuukuu ni kutupa pesa. Kwa turbo hii weka pengo la milimita 0.7 hadi 0.8, anza kukaza kwa mkono, malizia kwa nyutonimita 20 hivi. Paka grisi ya silikoni kidogo tu ndani ya mdomo wa mpira.

Likifa moja na mengine yana nyufa, badilisha yote manne, na ujihadhari na kopi: lililofungwa juzi hurudi kumisi mlima uleule. Ila kama namba ilibaki P0303 hata baada ya kubadilishana makoili, usinunue koili. Pima nozeli, kisha kompresheni (mgandamizo) ya silinda ya 3.