Bango Lako Halisomwi, Linapimwa

Mwombaji wa kibali cha bango akishakaa mbele yangu, huanza na maneno. Kwa nini amechagua jina lile, kwa nini herufi ni za kijani, kwa nini ameweka picha ya mkasi badala ya kitana. Namsikiliza, kwanza kwa adabu, pili kwa sababu raha ya mtu anayefungua biashara yake huwa inaambukiza. Akimaliza namuuliza: ukuta wako wa mbele una mita ngapi? Hapo ndipo kimya kinapoingia.

Kwa miaka nilikaa upande wa halmashauri nikipitia maombi ya vibali vya mabango. Siku hizi niko upande wa pili wa meza, nawasaidia wenye maduka na wenye nyumba kuyaandaa maombi hayohayo. Pande zote mbili nimekuta hali ileile: ombi hukwama mara chache sana kwa sababu ya kilichoandikwa. Linakwama kwa ukubwa, kimo, mwanga, au mahali nguzo iliposimikwa. Afisa anayeijua kazi yake hana haja kubwa ya kujua unauza nini. Anataka futikamba.

Wapo waliolisema hilo kisheria kabisa. England, kanuni za mwaka 2007 za kudhibiti matangazo zinaipa halmashauri mambo mawili tu ya kuangalia: mandhari ya mahali na usalama wa watu. Haiwezi kukuwekea sharti juu ya maudhui ya bango mpaka moja kati ya hayo mawili lidai hivyo. Duka linalotaka bango la kawaida ukutani, lisilo na taa na linalohusu biashara iliyomo ndani, kwa sehemu nyingi haliombi hata kibali, mradi lishike vipimo: herufi zisizidi kimo cha sentimita 75, sehemu ya juu kabisa isipite mita 4.6 kutoka ardhini, na bango lisipande juu ya ukingo wa chini wa madirisha ya ghorofa ya kwanza. Utaona kwamba karibu kila sharti hapo linapimika kwa mtu mwenye ngazi na dakika kumi.

Mji wa Gilbert, jimbo la Arizona, Marekani, ulifundishwa hili mahakamani. Palikuwa na kanisa dogo lisilo na jengo lake, hivyo kila wiki liliweka vibao vya kuwaelekeza waumini mahali pa ibada. Sheria ya mji ilikuwa imegawa vibao kufuatana na ujumbe. Kibao cha kutoa maoni kiliruhusiwa kufikia futi za mraba 20 na kukaa bila kikomo cha muda. Cha siasa kilifika futi za mraba 32 kwenye maeneo yasiyo ya makazi, tena kwa kipindi kirefu cha uchaguzi. Cha kuelekeza watu kwenye ibada? Futi za mraba 6, kisimikwe si zaidi ya saa 12 kabla ya ibada na kiondolewe ndani ya saa 1 baada yake. Yaani kipande cha plastiki cha aina ileile, kwenye ukingo wa barabara ileile, kilipewa haki tofauti kwa sababu ya maneno tu. Juni 2015 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliungana kwamba mji umekosea. Mwaka 2022, katika kesi ya jiji la Austin, Texas, mahakama hiyo ililegeza kamba kidogo: kutofautisha bango la biashara iliyopo hapohapo na bango linalotangaza kitu kilicho kwingine si kosa lenyewe, kwa kuwa swali ni la mahali, hata kama afisa atalazimika kulisoma ndipo ajue.

Basi tukirudi kwenye vipimo, ugomvi mkubwa kuliko wote niliowahi kuamua ulihusu ua la mapambo.

Mwenye saluni alikuwa amechonga herufi moja moja na kuzibandika ukutani. Mstari wa jina ulikuwa na urefu wa mita 4 na kimo cha sentimita 50, na kwa hesabu yake bango lilikuwa mita za mraba 2. Kikomo chake kilikuwa 3. Lakini juu ya herufi ya kwanza alikuwa ameweka ua zuri, lililochomoza sentimita 40 kupita mstari. Halmashauri nyingi hazipimi herufi zenyewe. Zinachora mstatili mdogo kuliko yote unaoweza kuzingira kila kitu, pamoja na hewa iliyo katikati. Mstatili wake ukawa mita 4 kwa sentimita 90, yaani mita za mraba 3.6. Alikasirika, na sikumlaumu: nani anahesabu ukuta mtupu kuwa bango? Tulilipunguza ua, tukalishusha likae pembeni ya jina. Mstatili ukawa mita 4.5 kwa sentimita 50, mita za mraba 2.25. Jina halikubadilika hata herufi moja.

Zipo halmashauri zinazoruhusu kuchora mistatili miwili au mitatu na kujumlisha, na hizo zingempitisha tangu mwanzo. Kwa hiyo kabla hujalipa fundi, usiishie kwenye kifungu kinachotaja kikomo. Tafuta kile kinachoeleza namna ya kupima. Mara nyingi kimefichwa nyuma, kwenye tafsiri ya maneno, ukurasa ambao hakuna anayeufungua.

Kikomo chenyewe kwa kawaida hutokana na upana wa mbele wa jengo. Mfano mkali ni São Paulo. Sheria yao ya Jiji Safi ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika Januari 1, 2007, ilipiga marufuku mabango ya matangazo ya barabarani yote, na kwa maduka ikaweka ngazi: jengo lenye mbele isiyofika mita 10 linapata mita za mraba 1.5; la mita 10 hadi chini ya 100 linapata mita za mraba 4. Mwenye duka la mita 9 ana haki ya kunung'unika akimtazama jirani wa mita 11. Mimi mwenyewe napendelea hesabu inayopanda taratibu kuliko ngazi za namna hiyo. Ila nakiri kwamba ngazi ni rahisi kusimamia, na kanuni inayosimamiwa ina faida kuliko kanuni nzuri iliyolala kabatini.

Kuna mtu huniuliza kuhusu lugha. Quebec, jimbo la Kanada, si linadhibiti maneno? Ndiyo, Kifaransa lazima kitawale kwenye mabango ya nje ya maduka. Lakini tazama walivyolitekeleza: tangu Juni 2025, kama chapa ya biashara iko kwa lugha nyingine, maandishi ya Kifaransa yanapaswa kuchukua nafasi mara mbili ya hiyo. Hata hapo safari imeishia kwenye futikamba.

Mabango ya nguzo yana shida yake. Mteja hulitaka kwenye kona, kwa sababu huko ndiko linakoonekana, na huko ndiko linakoziba. Kwenye kila makutano, na kila mdomo wa njia ya kuingilia magari, sheria nyingi zinachora pembetatu inayopaswa kubaki wazi. Ndani yake huruhusiwi kuweka kitu kati ya takriban mita 1 na mita 2.5 au 3 kutoka usawa wa barabara. Sababu utaijua ukikaa ndani ya gari dogo: macho ya dereva yako kama mita 1.1 kutoka chini. Bango la chini kabisa anaona juu yake. La juu anaona chini yake. Lililo katikati linaweza kumficha mtoto mwenye baiskeli. Ndiyo maana unakuta mabango ya kona ama yamechutama kama benchi, ama yamepanda juu ya nguzo nyembamba. Na tafadhali hakikisha ardhi unayosimika nguzo ni yako. Hifadhi ya barabara mara nyingi iko chini ya mamlaka nyingine kabisa, na kibali cha halmashauri hakikulindi nguzo ikija kung'olewa.

Kwenye makazi vipimo vinakuwa vidogo sana, na sioni ubaya. Kibao cha fundi cherehani au mwalimu anayefundishia nyumbani, kisicho na taa, kimebandikwa ukutani, kinatosha: anayekuja tayari ana miadi. Kibao cha kuuza nyumba England kisizidi nusu ya mita ya mraba, kiwe kimoja tu, na kiondolewe ndani ya siku 14 baada ya mauzo kukamilika. Sharti la kuondoa ndilo linalovunjwa kuliko yote duniani, maana hakuna mtu anayekumbuka kibao cha nyumba ambayo si yake tena.

Mahali pekee ninapowaonya maofisa wasiguse ni maoni ya mwenye nyumba. Mwaka 1990 Margaret Gilleo, mkazi wa Ladue, Missouri, aliweka kibao uani kupinga vita vya Ghuba. Mji ukamwambia haruhusiwi, kwa hoja ya kuzuia mrundikano wa vibao. Baadaye akaweka dirishani karatasi ya ukubwa wa barua, ikitaka amani. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi kwa kauli moja. Halmashauri inaweza kudhibiti ukubwa wa kibao cha namna hiyo. Kukifuta kabisa kwenye nyumba ya mtu ni jambo jingine.

Bango la zamani lililowekwa kabla ya kanuni kuja huwa linaachwa. Kubadilisha sura yake, rangi na maneno, mara nyingi ni ruksa. Ukigusa fremu au nguzo, au ukilihamisha hata hatua mbili, haki ile inapotea na unaanza upya kama kila mtu. Nimeona watu wakipoteza bango kubwa kwa sababu fundi alishauri "tubadilishe na nguzo kabisa".

Mengi ya niliyoyaeleza nilikuwa nayajua siku niliyopitisha bango la herufi zenye taa nyekundu kwa duka lililotazamana na nyumba za watu. Ukubwa ulikuwa sawa, kimo sawa, nyaya zimekaguliwa. Kiwango cha mwanga sikukiuliza, kwa kuwa fomu yetu haikuwa na nafasi yake. Kipo kipimo kinachotumika sana, hasa Marekani: usiku, bango lisiongeze zaidi ya takriban lux 3 (lux ni kizio cha mwanga unaofika mahali) juu ya mwanga uliokuwepo, ukipimia kwa umbali unaotegemea ukubwa wake. Kifaa chake kinaingia mfukoni.

Malalamiko yalipofika nilikwenda usiku, na mama mwenye nyumba akanipandisha hadi chumbani kwake. Taa ilikuwa imezimwa na pazia limefungwa. Ukuta juu ya kitanda ulikuwa mwekundu kiasi cha kuona misumari ya picha. Nilisimama dirishani, na kupitia kitambaa cha pazia nikasoma jina la duka, kisha namba ya simu, tarakimu baada ya tarakimu. Faili lile lilikuwa limekaa mezani kwangu wiki tatu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisoma bango lenyewe.

Mwenye duka alifunga kifaa cha kupunguza mwanga kuanzia saa tatu usiku. Wiki iliyofuata niliongeza mstari kwenye fomu.