Je, wajua kwa nini Buddha alimwita mpumbavu anayekataa kuombwa radhi?

Watawa wawili waligombana. Aliyekosea akarudi, akakiri kosa lake na kuomba radhi. Mwenzake akakataa katakata. Habari zilipomfikia Buddha, alisema wapumbavu ni wa aina mbili: asiyeliona kosa lake kuwa ni kosa, na asiyempokea anayekiri kosa. Kisa hiki kimo katika maandiko ya Kibudha ya Kipali, lugha ya kale ya India. Hapakusemwa kuwa mtawa yule ana roho mbaya. Lililosemwa ni kwamba hana hekima.

Hekima hapa ni kuyaona mambo yalivyo. Kwa Ubudha, mtu ni mafungu matano yasiyotulia: mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na fahamu. Kinyongo humgandisha mtu huyo katika dakika aliyokutukana, kana kwamba hajawahi kuwa kitu kingine. Buddhaghosa, mtawa msomi aliyeandika huko Sri Lanka katika karne ya 5, anamtaka mwenye kinyongo ajiulize: unakasirikia nini hasa? Nywele zake? Kucha? Udongo, maji, moto au upepo uliomo mwilini mwake? Ukimchambua hivyo, hasira hukosa pa kukaa, kama punje ya haradali kwenye ncha ya sindano ya kushonea ngozi.

Zoezi lenyewe la kumtakia heri aliyekukosea lina mpangilio, na wengi hukwama kwa kuuruka. Unajitakia heri wewe kwanza, kisha mwalimu unayemheshimu, kisha rafiki wa dhati, kisha mtu usiye na neno naye, na adui huja mwisho. Ukianza na adui utaishia kuhesabu makosa yake. Hata ukifuata mpangilio, kinyongo kikizuka, rudi kwa wale wa mwanzo, moyo ulainike, ndipo ujaribu tena. Ikishindikana, tafuta jema lake moja, ama la matendo, ama la maneno, ama la moyo, ulikazie macho hilo tu. Usipoliona hata moja, muonee huruma. Na mambo yote yakigoma, mpe zawadi: kitu chako, kwa mkono wako. Dawa hii naiona ya busara kuliko zote, maana mkono hutangulia na moyo hufuata.

Kosa kubwa ni kudhani msamaha hufuta matokeo. Angulimala, muuaji aliyegeuka mtawa, alirudi siku moja kutoka kuomba chakula akichuruzika damu kichwani, bakuli limevunjika, kwa mawe na fimbo alizorushiwa. Buddha alimwambia avumilie, kwani anavuna matunda ya matendo yake.

Vilevile mtawa aliyemtusi muumini wa kawaida anaweza kuamriwa na baraza la watawa aende kumwomba radhi, akisindikizwa na mtawa mwenzake. Akikataliwa, msindikizaji humwombea. Wakikataliwa tena, mtawa hukiri kosa lake palepale, aliyetukanwa akimwona.