Je, wajua kwa nini studio za picha zilirithiwa baba kwa mwana?

Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilifunguliwa mwaka 1930 na mpigapicha aliyetoka India, Ranchhod Oza. Mwaka 1983 mwanawe, Rohit, akaipokea. Kati ya miaka hiyo Unguja ilimwona Sultani akiwa chini ya ulinzi wa Uingereza, uhuru wa Desemba 1963, Mapinduzi ya Januari 1964 na Muungano wa Aprili mwaka huohuo. Yote hayo yakapita, na duka likabaki mikononi mwa ukoo mmoja.

Utasikia watu wakisema Wahindi ndivyo walivyo, biashara hurithishana. Mimi jibu hilo halinitoshi. Muuza kitambaa akishapima yadi zako na kupokea hela, mmemalizana. Mpigapicha hamalizani na mteja wake, kwa sababu mteja huondoka na karatasi tu. Negativu inabaki dukani.

Negativu ni kipande cha kioo, na baadaye cha filamu, kilichobeba sura kinyume: kanzu nyeupe inaonekana nyeusi, nywele nyeusi zinaonekana nyeupe. Mwanga ukipita humo na kuangukia karatasi yenye chumvi za fedha, kisha karatasi ikatiwa dawa, weusi na weupe hurudi mahali pake. Jambo hilo laweza kufanyika leo au baada ya miaka arobaini. Kwa hiyo mali kubwa ya studio haikuwa kamera, ambayo huchakaa na kununuliwa nyingine, bali makasha ya negativu zilizotiwa namba.

Sasa turudi pwani ya wakati huo. Mwanamke wa kutawa, anayetoka nje kwa buibui, anataka picha ya kumpelekea mume aliye safarini. Studioni anajifunua. Aliyebaki na negativu anaweza kuuchapa uso ule mara nyingi apendavyo na kumwonyesha yeyote. Je, mzee wa studio akifariki, nani atayafungua makasha yale? Kijana wake, ambaye mtaa mzima unamjua na unajua pa kumshitaki, au mgeni aliyenunua duka lenye kila kitu ndani? Naona hapa ndipo jina la ukoo lilipofanya kazi ambayo kufuli isingeweza.

Sababu nyingine ni ufundi wenyewe. Kusafisha picha ni kazi ya kukaa gizani pembeni ya anayejua. Chumba cha kuchapia huwa na taa nyekundu, kwa kuwa karatasi ya picha nyeusi na nyeupe haiuoni mwanga huo. Karatasi huzamishwa kwenye dawa ya kuitoa picha, kisha kwenye asidi kidogo ya kuizuia isizidi kuwa nyeusi, halafu kwenye dawa ya kuiimarisha, mwisho inaoshwa kwa maji mengi. Joto la Unguja huharakisha dawa na kulainisha utando wa picha, kwa hiyo dakika zilizoandikwa kwenye kopo na mtengenezaji wa Ulaya hazifuatwi kibubusa.

Penseli ndiyo iliyokuwa na siri zaidi. Kunyanzi usoni hutia kivuli. Kwenye negativu kivuli hicho huwa mstari mwangavu. Fundi aliiweka negativu juu ya kioo chenye mwanga nyuma yake, akaujaza mstari ule kwa ncha ya penseli iliyochongwa kama sindano. Penseli huzuia mwanga, hivyo mahali pale kwenye karatasi panatoka peupe zaidi, na kunyanzi linapotea. Akizidisha, bibi harusi anatoka uso wa sanamu. Kwa penseli fundi aliweza kung'arisha tu. Akitaka kutia giza, alilazimika kukwangua negativu kwa kisu, na hapo hakuna kurudi nyuma. (Wanaodhani kulainisha uso kwenye picha kumeletwa na simu wawaulize bibi zao.)

Oza hakuwa wa kwanza. Nahodha Mfaransa Charles Guillain alifika na kamera pwani hii kati ya 1846 na 1848. Baadaye wakaja Wagoa, yaani watu wa asili ya Goa huko India: A. C. Gomes na kampuni ya ndugu wa Coutinho, ambao kadi zao za posta zenye picha za Zanzibar bado zinanunuliwa na wakusanyaji. Jina la ukoo mlangoni lilikuwa kawaida ya kazi hii tangu mapema.

Kilichozilisha studio nyingi siku hadi siku kilikuwa paspoti saizi. Picha za rangi za mashine, kisha kamera za dijitali, zikauondoa ulazima wa chumba cha giza, na mtoto wa mpigapicha akakosa cha kufundishwa gizani. Makasha yakabaki, na adui yao ni unyevu: ukungu hula utando wa picha, na filamu za asetati, aina ya plastiki, zikianza kuoza hutoa harufu ya siki.

Ukiwa na picha ya zamani ya studio nyumbani, igeuze nyuma. Mara nyingi kuna muhuri wa duka, na pengine namba iliyoandikwa kwa mkono. Namba hiyo ndiyo inayoonyesha kasha la kutafuta. Ikiwa warithi bado wapo, wapelekee wakutafutie, na negativu ikipatikana waombe waiskani siku hiyohiyo.