Bosi Akijiuzulu, Kishoka Yuko Palepale: Rushwa katika Umeme na Namna ya Kuitolea Taarifa

Kila sisi wa TAKUKURU, Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, tunapokwenda mitaani Mwanza kutoa elimu kuhusu rushwa katika huduma ya umeme, iwe Buhongwa, Igoma au mwaloni Kirumba, linaibuka swali lilelile: "Kule Afrika Kusini mkubwa wa umeme aliiba, akajiuzulu. Kwetu mbona hawajiuzulu?" Swali hili limebeba makosa mawili.

Kwanza, André de Ruyter, aliyekuwa mtendaji mkuu wa Eskom, shirika la umeme la huko, tangu Januari 2020, hakujiuzulu kwa kutuhumiwa wizi. Alikuwa upande wa wanaolalamikia wizi. Alitangaza kujiuzulu Desemba 14, 2022, na alikuwa aondoke mwisho wa Machi 2023. Februari 21 mahojiano yake yakaoneshwa kwenye televisheni, akidai karibu randi bilioni moja huibwa katika shirika hilo kila mwezi na kwamba wapo wanasiasa wanaonufaika. Kesho yake akawa ameshaondoka ofisini. Hayo ni madai yake na tunayataja kama madai, lakini kumwita mwizi kwa sababu tu neno "rushwa" na neno "kujiuzulu" yamekaa kwenye habari moja ni kumsingizia mtu.

Pili, kwetu wamejiuzulu. Februari 7, 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu baada ya kamati teule ya Bunge, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, kuwasilisha taarifa yake kuhusu mkataba wa Richmond, ule wa megawati 100 za dharura uliozaliwa na ukame wa 2006. Katika sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, iliyotunza fedha za mgogoro kati ya shirika la umeme TANESCO na kampuni ya kufua umeme IPTL, Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu Desemba 2014 na Waziri wa Nishati Profesa Sospeter Muhongo akafuata Januari 2015. Kujiuzulu ni kuachia ofisi. Hakumtii mtu hatiani, wala hakumsafishi. Anayesubiri wakubwa waanguke ndipo aache kutoa "hela ya soda" kwa anayemletea mita atasubiri sana.

Inafaa kuangalia fedha za shirika la umeme zinavujia wapi, kwa sababu si kwenye meza ya bosi peke yake. Chukua makaa ya mawe ya Eskom. Lori linatoka mgodini na makaa mazuri, linakatishia kwenye yadi, linamwaga, linapakia makaa hafifu yenye mawe na kuingia kituoni. Mizani inasoma tani zilezile. Mtu wa Mwanza hahitaji kufundishwa hili, maana dagaa waliochanganywa na mchanga nao hutimiza kilo. Tofauti ni kwamba mchanga wa dagaa unaishia kwenye meno yako, ilhali mawe yanasaga vinu vya kusagia makaa na kula mabomba ya tanuri, mtambo unazimika, na dharura hiyo inahalalisha manunuzi ya haraka yasiyo na ushindani. Wizi mmoja unazaa zabuni nyingine. Novemba 2022, katika kituo cha Camden, fundi wa kampuni ya matengenezo alikamatwa kwa kufungua kizibo cha mafuta ya beringi. Eskom ilieleza kuwa lengo lilikuwa mtambo uzimike ili mwajiri wake apate kazi zaidi za matengenezo. Mwaka huohuo nchi ile ilikuwa na mgao kwa zaidi ya siku 200.

Huku kwetu mnyororo una nguzo, waya, mita na transfoma, na mwananchi anaugusa pale anapoomba kuunganishiwa. Utaratibu ni mfupi kuliko watu wanavyoamini. Fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, anasuka nyaya za nyumba na kukamilisha fomu na mchoro wake. Leseni zina madaraja, kwa hiyo mwombe aioneshe na uangalie daraja lake na tarehe ya kuisha. Maombi yanafanyika kwa Nikonekt, mfumo wa mtandaoni wa TANESCO, kwa kutumia namba ya NIDA, au ofisini. Mpimaji anafika, anapima umbali kutoka kwenye nguzo, gharama inaingia kwenye mfumo, unatumiwa namba ya malipo, ile wengi wanaiita kontrolo namba. Unalipa benki au kwa simu. Basi.

Kwa viwango vilivyoanza kutumika Januari 2022, mteja wa mjini wa umeme wa njia moja (single phase) aliye ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo alipangiwa shilingi 320,960, anayehitaji nguzo moja 515,618, na nguzo mbili 696,670. Kijijini ilikuwa 27,000. Tazama tarakimu hizo: 320,960, wala si "laki nne na nusu pamoja na usafiri". Gharama halisi inakuja na hesabu yake na namba yake ya malipo. Gharama ya kishoka, yaani dalali au fundi bandia wa umeme, huwa ya mviringo na huenda kwenye namba ya simu yenye jina la mtu.

Milima yetu ina ujanja wake. Mabatini, Igogo na Bugando kuna nyumba zimekaa juu ya mawe, na kuchimba shimo la nguzo kwenye mwamba ni kazi kweli. Hapo ndipo inapozaliwa "hela ya mwamba". Tuseme wazi: nguzo ni mali ya shirika, na kazi ya kuisimamisha imo ndani ya gharama uliyolipa. Mafundi wakigoma kushusha vifaa mpaka "wapozwe", hilo ni ombi la rushwa hata likisemwa kwa tabasamu na kuitwa maji ya kunywa.

Eneo la pili ni LUKU, mita za kulipia umeme kabla ya kuutumia. Tarifu ya shilingi 100 kwa uniti ni ya nyumba ya matumizi madogo, wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Wapo wanaomlipa mtu "awashushe" kwenye tarifu hiyo huku wakiwa na friji mbili za kugandishia barafu za kuwauzia wavuvi. Manunuzi yanaonekana kwenye mfumo kila mwezi, kwa hiyo anayekuuzia unafuu huo anakuuzia kitu ambacho matumizi yako mwenyewe yatakifuta. Mwingine anakubali waya urukishwe kabla ya mita. Kiungo hicho hufungwa gizani na haraka, kinalegea, kinapata joto, kinaunguza dari. Na aliyekufungia ndiye anayerudi baada ya miezi mitatu na mwenzake, akijifanya mkaguzi, kudai fedha za kunyamaza.

Sasa sheria, maana hapa ndipo tunapobishana zaidi na wananchi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Namba 11 ya mwaka 2007, kifungu cha 15, inamgusa anayeomba, anayepokea, anayetoa na anayeahidi kutoa. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi 500,000 na isiyozidi 1,000,000, au kifungo kisichopungua miaka 3 na kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Matumizi mabaya ya madaraka, kifungu cha 31, ni faini isiyozidi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Kwa hiyo kusema "nilitoa tu ili nisichelewe" hakukuondoi kwenye kifungu cha 15. Na ofisa aliyejiuzulu au kustaafu hajatoka nje ya sheria. Kosa linamfuata hukohuko aliko.

Kishoka asiye mwajiriwa, aliyekula fedha yako peke yake kwa kujifanya mtumishi, kesi yake kwa kawaida ni ya kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, hadi miaka 7. Huyo anza naye polisi. Akiwa njia ya kumpelekea mtumishi fedha, anza TAKUKURU. Usipojua yuko wapi kati ya hizo mbili, usihangaike, toa taarifa. Kuchambua ni kazi yetu.

Namba ya TAKUKURU ni 113, bila malipo. Ya huduma kwa wateja TANESCO ni 180, na hiyo ni ya kuuliza kama ombi lako lipo kwenye mfumo na kama aliyefika mlangoni ametumwa. Malalamiko ya huduma mbovu yasiyo na harufu ya rushwa yaandikie kwanza TANESCO, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Yasipotatuliwa, nenda EWURA Kanda ya Ziwa, ofisi iko hapahapa Mwanza. Ukienda EWURA bila nakala hiyo utaulizwa kwanza uliwasilisha wapi, kisha utarudi nyumbani ukilalamika kwamba umezungushwa.

Kinachoharibu kesi nyingi ni muda. Mtu analipa, anakaa wiki mbili, umeme hauji, ndipo anapiga 113. Hapo fedha imeshatumika na yeye mwenyewe ameshatoa. Piga unapoombwa, kabla ya miadi. Mtego wa kumnasa anayeomba rushwa unahitaji maandalizi: namba za noti zinaandikwa kwanza, na mahali pa kukutania panakaguliwa. Eleza kiasi kilichotajwa, huduma iliyozuiliwa, siku, mahali, namba ya simu na jina lililotokea kwenye muamala. Usimtishie mhusika kwamba unamripoti, wala usiweke namba yake kwenye kundi la WhatsApp la mtaa; kufika jioni atakuwa amebadilisha laini.

Ujumbe mfupi alioutuma usiufute, hata baada ya kupiga picha ya skrini. Ukibadilisha simu kabla ya kuandika maelezo, njoo na ile ya zamani. Jumbe mara nyingi hubaki ndani ya simu, hazihami na laini.