Butlegi ni nini hasa, na kwa nini mtu awe na shoo 40 za bendi ile ile

Ukimwambia mtu unakusanya butlegi anadhani una masanduku ya CD feki. Hapana, hizo ni kopi za wizi, albamu ipo, imeshatoka, mtu kaikopi anauza bei chee. Butlegi ni kitu ambacho hakijawahi kutolewa na mwenyewe, mfano bendi ya rock imepiga laivu uwanjani, kwenye umati kuna jamaa kaficha kinasa sauti ndani ya koti, karekodi shoo nzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mara nyingi asingerekodi yeye ule usiku ungepotea moja kwa moja. Ndo maana mkusanyaji ukimwita mwizi anakasirika kweli, ingawa sheria nayo ina yake, tutafika.

Jina lenyewe, bootleg kwa Kiingereza, limetoka kwa magendo ya pombe Marekani, watu walikuwa wanaficha chupa ndani ya buti, na miaka ya 1920 hadi 1933 pombe ilipopigwa marufuku nchi nzima neno likashika kabisa. Mambo ya kurekodi shoo yenyewe sio ya jana, Lionel Mapleson aliyekuwa mkutubi wa Metropolitan Opera kule New York alikuwa ananasa waimbaji kwenye silinda za nta kati ya 1901 na 1903. Ila kwenye rock watu huanzia 1969, mwaka ambao santuri ya nyimbo za Bob Dylan ambazo hazijatoka ilianza kuuzwa kwa siri ikiitwa Great White Wonder, na haikupita muda ikaja ya Rolling Stones wakiwa laivu Oakland, kava jeupe tupu limegongwa muhuri tu kama barua ya ofisini.

Sasa tuje kwenye sauti, hapa ndo penyewe. Kuna rekodi ya mikisa, yaani waya umechomekwa kwenye meza ya fundi mitambo, inatoka safi, kila ala unaisikia, ila mara nyingi imekauka, kama bendi inapiga chumbani na hakuna mtu. Halafu kuna rekodi ya umati, maiki ya jamaa aliyesimama katikati ya watu. Uwanja wa mpira haukujengwa kwa ajili ya muziki, sauti inagonga jukwaa la watazamaji la upande wa mbali inarudi, na sauti yenyewe inaenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukikaa mita 100 kutoka stejini ngoma unaiona inapigwa kwanza unaisikia baadaye, karibu theluthi ya sekunde. Ndo sababu kwenye rekodi za uwanjani makofi ya watu hayaendi na mdundo, sio kwamba hawajui kupiga makofi, kila upande unasikia wimbo kwa wakati wake. Wapo wanaochukua zote mbili wanazichanganya, mikisa kwa usafi, umati kwa joto, kazi ngumu manake mashine mbili za kaseti haziendi spidi moja, unaweka sawa dakika ya kwanza, ya kumi zimeshaachana.

Mimi nikiambiwa nichague nachukua ya umati, wala sifikirii. Angalia Pink Floyd walivyopiga Olympic Stadium ya Montreal, 6 Julai 1977. Kwenye rekodi ya umati unamsikia Roger Waters, mwimbaji wao, anachoka na watu wanaolipua fataki, anawafokea kabisa, na usiku huo huo alimtemea mate shabiki mmoja, hasira ambazo baadaye zilizaa albamu ya The Wall ya 1979. Albamu rasmi ya laivu kitu kama hicho si wangekikata mapema. Kila usiku una yake, ndo maana mtu anakuwa na shoo 40 za bendi ile ile. Ila kaseti ya jamaa haina adabu, inachukua kila kitu, hadi anayekohoa pembeni, hadi wimbo kukatika katikati kwa sababu kaseti ya dakika 90 ni dakika 45 kila upande na lazima uigeuze gizani bila askari kukuona.

Halafu kuna neno moja ukilijua umeshaelewa nusu ya mchezo, kizazi. Kaseti iliyokuwa mkononi mwa mrekodi siku ile ndo mama. Kopi iliyotoka kwake ni kizazi cha kwanza, kopi ya kopi ni cha pili, na kila unaposhuka zile kelele za shshsh zinaongezeka na sauti za juu zinafifia, mpaka unafika kizazi cha sita unasikiliza bendi iko chini ya blanketi. Kwa hiyo mtu mwenye nakala tatu za shoo ile ile sio kichaa, anatafuta mama. Faili za kompyuta zilimaliza tatizo la kelele, kopi ya FLAC, faili lisilopoteza chochote cha sauti, ni sawa na mama yake, ila mtu akigeuza kuwa MP3, ambayo inatupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, halafu akairudisha FLAC ameshaharibu na kwa macho hujui, ndo maana faili likija bila maelezo ya limetoka wapi, maiki gani, mashine gani, kizazi cha ngapi, wazoefu wanalitilia shaka.

Kisheria ni hivi, nchi nyingi kurekodi na kuuza bila ruhusa ya wanamuziki ni kosa, Marekani waliweka sheria yake ya nchi nzima mwaka 1994. Lakini bendi zenyewe hazifanani. Grateful Dead mwaka 1984 waliwatengea warekodi sehemu yao maalumu ukumbini, tena nyuma ya meza ya fundi mitambo, msitu mzima wa stendi za maiki. Pearl Jam wao mwaka 2000 walianza kutoa wenyewe rekodi za ziara yao, shoo kwa shoo, kabla ya wauzaji wa magendo. Na kwa wakusanyaji wenyewe kuna mwiko wa zamani, unabadilishana, huuzi. Nikupe ya kwangu unipe ya kwako, au enzi za kaseti kama ulikuwa huna kitu ulikuwa unatuma kaseti tupu na stempu za kurudishia. Anayeuza wanamchukia kuliko hata bendi inavyomchukia, manake anachukua kaseti aliyopewa bure na mtu aliyesimama masaa matatu bila kupiga makofi, bila kuimba, akiogopa kuharibu rekodi.